Lebo ya udini humfuata aliye wa pili

Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, Watanzania tumeambiwa mara nyingi kwamba chama fulani ni cha dini fulani. Tumebishana sana kama ni kweli au si kweli. Tulichosahau kukiangalia ni wakati: ni lini hasa huwa tunaambiwa hivyo, na chama kinachosemwa huwa kimefikia wapi.

Chukua matokeo ya urais uyapange mezani. Mwaka 1995 Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alimfuata Benjamin Mkapa akiwa na karibu asilimia 28 ya kura, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF akaambulia asilimia 6 na ushei. Mwaka ule, huku Bara, mtu tuliyeonywa juu yake ni Mrema, na onyo lenyewe lilikuwa la ukabila: Mchaga akishika nchi, wengine tumekwisha. Mwaka 2000 Mrema aliporomoka, Lipumba akapanda hadi asilimia 16 na kuwa wa pili. Hapo ndipo lebo ya chama cha Waislamu ilipokolea mgongoni mwa CUF. Ikadumu hadi 2005, Lipumba aliposhika tena nafasi ya pili kwa zaidi ya asilimia 11. Freeman Mbowe wa Chadema mwaka huo hakufika asilimia 6, na hakukuwa na aliyehangaika kupita mitaani kututahadharisha kwamba Chadema ni chama cha Kanisa. Kisha ikaja 2010. Dk. Willibrod Slaa wa Chadema akapata zaidi ya asilimia 26, Lipumba akarudi kwenye 8. Lebo ikahama. CUF, iliyokuwa imeingia serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar, ikaanza kuitwa CCM B, yaani tawi la chama tawala, na Chadema ikawa chama cha Wakatoliki, chama cha maaskofu, chama cha Wachaga.

Waislamu wa nchi hii hawakugeuka watu wengine kati ya 2005 na 2010. Wakristo nao hawakugeuka. Kilichobadilika ni nani anakaribia mlango wa Ikulu.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na naitoa nikijua wapo watakaosema narahisisha. Udini katika chaguzi zetu haupandi wenyewe kutoka misikitini na makanisani. Hubandikwa kwa mshindani aliye wa pili kwa nguvu, na hubanduliwa akishuka. Anayebandika anaweza kuwa kada, mhariri, kiongozi wa dini, hata mpinzani mwenzake anayegombea nafasi hiyo hiyo ya pili. Si lazima pawe na kikao cha siri. Inatosha kila mmoja wao kuona kuwa lebo hiyo inamsaidia leo.

Angalia vyama vyenyewe vilivyozaliwa. Mwenyekiti wa kwanza wa CUF alikuwa James Mapalala, mtu wa Bara aliyepigania vyama vingi wakati kufanya hivyo kulikuwa na gharama yake. Jina lake peke yake linatosha kukwamisha hadithi ya chama kilichoundwa na Waislamu kwa ajili ya Waislamu. Chadema iliasisiwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, na mjadala wake wa mwanzo ulikuwa wa soko huria na uchumi. Mwaka 2010, lebo ya Ukatoliki ilipokuwa imekolea, makamu mwenyekiti wake wa Bara alikuwa Said Arfi wa Mpanda, na naibu katibu mkuu aliyevuta vijana kuliko karibu kiongozi mwingine yeyote alikuwa Zitto Kabwe wa Kigoma. Lebo haikusoma majina hayo. Ilisoma jina moja tu, la Slaa, kwa kuwa aliwahi kuwa padri.

Kwa nini dini, na si kosa jingine? Kwa sababu ya hesabu. Sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo kila mmoja anatembea na asilimia zake mfukoni, lakini mwanasiasa yeyote anajua kwamba hakuna upande unaoweza kupuuzwa. Ukifanikiwa kumwambia mpiga kura kwamba mpinzani wako ni wa dini moja, umemkata upande wa pili kwa neno moja, bila kujibu lolote alilosema juu ya maji, ada au bei ya mazao. Na pigo halikomei hapo. Hata waumini wa dini aliyobandikwa wanaanza kuona haya kuonekana naye, wasije wakaitwa wadini. Naye badala ya kuendelea na hoja zake anatumia mikutano mitatu kujisafisha, akipanga viongozi wa dini jukwaani kulia na kushoto ili waonekane kwenye picha. Mazungumzo yanabaki kwenye dini, pale pale yalipotakiwa yabaki.

Mahali ambapo jambo hili lilionekana bila pazia ni Igunga, mwaka 2011.

Igunga iko mkoani Tabora, kwenye barabara kuu ukitoka Singida kwenda Nzega na Mwanza. Ni wilaya ya pamba, mpunga na ng'ombe. Julai 2011 mbunge wake, Rostam Aziz wa CCM, alijiuzulu akisema amechoka na siasa uchwara ndani ya chama chake. Uchaguzi mdogo ukapangwa kufanyika Oktoba 2. Mwaka mmoja nyuma Chadema haikuwa hata na mgombea jimboni humo. Aliyekuwa wa pili alikuwa mgombea wa CUF. Lakini baada ya 2010 kila uchaguzi mdogo ulikuwa mtihani wa Chadema, na vyama vilihamia Igunga na vigogo wao wote. Mkapa, rais mstaafu, ndiye aliyefungua kampeni za CCM. Chopa zikawa zinapishana juu ya vijiji ambavyo wakazi wake walikuwa wanaomba daraja la Mbutu ili wavuke mto kipindi cha masika.

Katikati ya Septemba, mkuu wa wilaya alikuwa kwenye kikao na watendaji katika kijiji cha Isakamaliwa. Wafuasi wa Chadema, wakiwa na baadhi ya wabunge wao, wakavamia kikao hicho wakisema ni kampeni ya siri ya CCM. Katika purukushani mkuu wa wilaya, mwanamke na Mwislamu, akashikwa na kuvurugwa, na ushungi ukatolewa kichwani. Picha zikasambaa. Wabunge wawili wa Chadema wakafikishwa mahakamani.

Nisimame hapa, maana hapa ndipo penye somo lote. Siku ile Isakamaliwa yalizaliwa maswali mawili mazito. La kwanza: nani alimwekea mikono mwanamke yule, na kwa haki gani? Kumshika mwanamke kwa nguvu na kumvua nguo ya kichwani ni kosa na ni udhalilishaji, awe mkuu wa wilaya au muuza mboga, na waliofanya vile walistahili kushtakiwa. La pili: mteule wa Rais, tena mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, alikuwa na kikao gani na watendaji wa vijiji katikati ya kampeni? Swali hili linagusa mzizi wa kila uchaguzi wetu, kwa sababu watendaji hao ndio wanaoandika majina ya wenye njaa, ndio wanaojua nani ni nani kila kijiji. Katika uchaguzi ule ule, ugawaji wa chakula cha msaada ulikuwa sehemu ya malalamiko.

Maswali yote mawili yalikufa kwa siku chache. Badala yake likaja la tatu: je, Chadema inauchukia Uislamu? Baadhi ya viongozi wa Kiislamu wakatoa matamko, na msikitini likatolewa tangazo la kuwataka waumini wasiipe kura Chadema. Aliyedhalilishwa akaacha kuwa mama mmoja mwenye jina na haki yake, akawa bendera. Waliomdhalilisha wakaacha kuwa watu kadhaa wanaojulikana kwa sura, wakawa chama kizima, na nyuma ya chama wakawekwa Wakristo wote. Na kile kikao? Kikapita.

Sasa tazama majina ya wagombea. CCM: Dk. Dalaly Peter Kafumu. Chadema: Joseph Kashindye. CUF, kile kilichokuwa kimeitwa chama cha Waislamu kwa miaka zaidi ya kumi: Leopold Mahona. Mwislamu wa Igunga aliyeambiwa aitetee dini yake kwenye sanduku la kura angemkuta Peter, Joseph na Leopold, na angetakiwa aone kwamba mmoja kati ya hao watatu ndiye adui wa Uislamu. Hii inaonyesha kwamba hata pale ambapo wagombea hawana tofauti ya dini ya kunadi, lebo haikosi pa kukaa. Inakaa kwenye chama kinachotisha.

Kafumu alishinda kwa kura 26,484 dhidi ya 23,260 za Kashindye. Mahona aliyekuwa wa pili mwaka uliopita alipata 2,104. Tofauti ya wawili wa juu ilikuwa kura 3,224, na siwezi kusema ni ngapi kati ya hizo zilitokana na ushungi. Ninaloweza kusema ni kwamba daftari lilikuwa na zaidi ya majina 171,000, na waliopiga kura hawakufika 54,000. Zaidi ya theluthi mbili hawakutokea. Baada ya chopa, baada ya mawaziri na wabunge kupiga kambi, baada ya kijana mmoja kada wa CCM kumwagiwa tindikali, jimbo kubwa namna ile liliamuliwa na watu wachache kiasi kile. Tunapozungumzia mgawanyiko wa kidini tunawasahau hawa waliobaki nyumbani. Wengine walikuwa na sababu zao, daftari letu nalo lina matatizo yake, lakini mtu wa kawaida akiona kampeni imegeuka ugomvi wa nani kafiri na nani gaidi, akili yake inamwambia akae mbali.

Agosti 2012 Mahakama Kuu Tabora, mbele ya Jaji Mary Shangali, ilitengua matokeo. Miongoni mwa yaliyotajwa ni ahadi ya daraja la Mbutu iliyotolewa na waziri jukwaani, na lile tangazo la msikitini. Baadaye Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu kiti chake, akakaa hadi 2015 na kuchaguliwa tena. Kisheria jambo likaisha. Kisiasa halikuisha, kwa sababu kila chama kilijifunza kwamba lebo inafanya kazi na bei yake ni ndogo.

Wapo watakaoniuliza: ina maana viongozi wa dini hawana mkono? Wanao. Kuelekea 2010 Kanisa Katoliki lilitoa waraka wa vipaumbele vya taifa uliozua kelele hadi bungeni, na Shura ya Maimamu nayo ikatoa mwongozo wake kwa Waislamu. Kiongozi wa dini ana haki ya kusema rushwa ni dhambi na njaa ni aibu ya taifa. Asiposema, sijui anafanya kazi gani. Shida ni kwamba nyaraka zile zilisomwa na wachache na kusimuliwa na wengi, na wasimulizi wakazigeuza orodha za nani achaguliwe. Meseji zisizo na mwenyewe zikamalizia kazi.

Na CCM, ambayo imepata faida kubwa kuliko wote kutokana na lebo hii, haina mikono safi. Ilani yake ya 2005 iliahidi kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara. Ni ahadi ya kidini, imeandikwa, imenadiwa majukwaani, imepigiwa kura. Uchaguzi ulipopita ikageuka kaa la moto likapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokuwa linatafuta kura za wajumbe, ikafufuliwa. Mwaka 2015 muswada ukaletwa, makanisa yakapinga, muswada ukaondolewa. Waislamu wakabaki na hisia ya kuchezewa, Wakristo wakabaki na hisia ya kuponea chupuchupu. Watu hawa wawili hawakuwa na ugomvi kabla ya kuletewa jambo hilo kwenye kampeni. Waziri yeyote aliyesimama baadaye kulaani udini alipaswa kwanza kueleza nani aliuandika kwenye ilani.

Upinzani nao ukipata nafasi unaitumia. Septemba 2015, katika ibada ya KKKT, kanisa la Kilutheri, Tabora, Edward Lowassa aliyekuwa anagombea urais kwa mwavuli wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, alinukuliwa akiwaomba waumini wamuombee na kuwaambia kwamba nchi haijawahi kupata rais Mlutheri. Lilikuwa kosa, na lilimgharimu heshima hata kwa waliokuwa wanamuunga mkono.

Hata hivyo 2015 ndiyo inayonipa moyo, na ndiyo ushahidi wangu mzito zaidi. Chadema, CUF, NCCR na NLD waliachiana majimbo wakasimamisha mgombea mmoja wa urais. Kwa miaka yote lebo ilikuwa inasema CUF ni ya Waislamu na Chadema ni ya Wakatoliki. Sasa vimekaa meza moja: utabandika ipi? Lebo ikakosa pa kushika. Kampeni ile ilikuwa na matusi mengi, juu ya ufisadi, juu ya afya ya mgombea, juu ya nani alikatwa Dodoma kwenye mchujo wa CCM na nani alipita, lakini ukiacha lile la kanisani Tabora, udini ulirudi nyuma kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona tangu 2000. Lowassa alipata karibu asilimia 40, nyingi kuliko mpinzani yeyote kabla yake. Aliongoza Kilimanjaro na Arusha, jambo lililotarajiwa. Aliongoza pia Pemba, kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Mzee wa Wete alimpigia kura Mlutheri wa Monduli, na hakuhitaji semina ya uvumilivu wa kidini ili afanye hivyo. Alihitaji viongozi wake wamwambie kwamba hesabu zao na za yule mtu wa Monduli ni moja.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mgawanyiko huu ni chuki ya kale iliyo ndani ya watu. Historia yenyewe inakataa. Kabla ya uhuru palikuwa na chama kilichotaka kura za Waislamu kwa jina la Uislamu, AMNUT, kikitaka uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wafikie wenzao kwa elimu. Waislamu walikikataa wakabaki TANU, chama ambacho wazee wao wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliokijenga. Hoja ya elimu ilikuwa ya kweli. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, alipoonya mwaka 1958 kwamba uhuru utawanufaisha Wakristo waliosoma, alifukuzwa chamani. Wapiga kura walichagua umoja. Malalamiko hayakujibiwa, yaliwekwa kando. Hayo ni mambo mawili tofauti na tumeyachanganya kwa zaidi ya nusu karne.

Majirani zetu wa Mombasa walipitia njia inayofanana. Mwaka 1992 Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili kwa madai kwamba ni chama cha dini. Wafuasi wake wakaingia mitaani mwaka huo huo, kisha wakapeleka kura zao kwa chama cha upinzani cha FORD-Kenya. Ilipoonekana kwamba kunyima usajili hakutoshi, likaibuka kundi la United Muslims of Africa, likihubiri kwamba Waislamu Waafrika hawana jambo moja na Waislamu wenye asili ya Kiarabu. Fikiria hilo. Serikali iliyosema haitaki dini kwenye siasa ilinufaika na mpasuko ndani ya dini hiyo hiyo, kwa kigezo cha rangi. Lebo ya dini ilipokuwa inawaunganisha wapinzani badala ya kuwatenga, ikatafutwa lebo nyingine.

Mahali ambapo lebo hizi hazishiki vizuri ni kule chini kabisa, kwenye mtaa na kitongoji. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayekugongea mhuri barua ya benki, ndiye anayekuja polisi kukutambua kijana wako akikamatwa, ndiye anayesimama msibani kutangaza michango. Unamjua. Unajua kama anakula hela ya taka, unajua kama usiku wa manane ukimgongea anafungua. Ukiniambia nimkatae kwa sababu anasali Jumapili, nitakuuliza nani basi atanisainia barua. Ndiyo maana udini katika ngazi hiyo huwa unaletwa na mgeni: mbunge anayetafuta mtandao, kada wa mkoa, clip ya mhubiri wa mji mwingine iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Nawaomba waandishi wenzangu walishike hili. Siku mkisikia mtaa fulani umegawanyika kidini kuelekea uchaguzi, msianze kwa kumuuliza shehe na mchungaji. Anzeni kwa kuuliza nani ameingia mtaani hapo mwezi huu.

Kuhusu malalamiko ya kweli, yapo na yana majina. Waislamu wengi wanataja mkataba wa 1992 kati ya Serikali na makanisa juu ya shule na hospitali. Wanataja kuvunjwa kwa EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, mwaka 1968 na kuundwa kwa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, mwaka huo huo. Wakristo wengi wanataja Mahakama ya Kadhi na hofu ya kodi yao kuendesha chombo cha dini nyingine. Mambo haya hayatajibiwa na kampeni. Yanajibiwa kwa hesabu kuwekwa wazi: hospitali ipi inapata ruzuku kiasi gani na inahudumia nani, nafasi za masomo ziligawiwaje. Serikali ambayo haina dini, kama Katiba inavyosema, ndiyo yenye wajibu mkubwa zaidi wa kuonyesha mahesabu hayo, kwa kuwa haina upande wa kulinda. Inapokaa kimya kwa kisingizio cha kutochochea, inawaachia wachochezi uwanja mzima.

Limebaki suala la sheria, na hapa nitasema kwa undani kidogo kwa sababu halizungumzwi. Sheria ya uchaguzi iliyotumika Igunga iliruhusu mahakama kutengua matokeo ikiwa kauli za kuchochea tofauti za kabila, rangi au dini zilitolewa na mgombea mwenyewe, au kwa niaba yake akijua na kuridhia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mwanya. Mgombea mwerevu hatamki neno. Wapambe wanatamka, kiongozi wa dini anatamka, mgombea anakaa mstari wa mbele akitazama kiatu chake, na wiki inayofuata anasema hakusikia. Maadili ya uchaguzi ambayo vyama husaini kila uchaguzi mkuu yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, lakini kamati za maadili hukaa hadi chama kilete malalamiko, na chama kinachofaidika hakileti.

Ningetaka mzigo ugeuzwe. Kauli ya aina hiyo ikitolewa hadharani na mgombea akaarifiwa kwa maandishi, apewe saa 48 kuikana mbele ya vyombo vya habari, kwa jina lake na kwa sauti yake. Asipoikana, ichukuliwe ameridhia. Hakuna anayenyimwa uhuru wa kuhubiri hapo. Kinachotakiwa ni mgombea mmoja, mtu anayeomba mamlaka juu ya watu wa dini zote, aseme wazi kama kura hizo anazitaka au hazitaki. Mwaka 2011 Kafumu angeweza kusimama akasema: waliomdhalilisha mkuu wa wilaya washtakiwe, na msikiti usiniombee kura kwa jambo hilo. Kashindye angeweza kusimama akasema: waliomgusa mama yule wamekosa na chama changu kitawachukulia hatua, na bado nataka kujua kikao kile kilikuwa cha nini.

Vyama vinavyojiandaa kwa chaguzi ndogo zijazo za ubunge na udiwani havihitaji kusubiri Bunge kubadili sheria ili kulifanya hili. Vinaweza kuandika kifungu hicho kwenye fomu zao za kuteua wagombea, na mgombea asiyetaka kusaini tukamjua kabla hajafika jukwaani.